Mtoto wa jinsia mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu operesheni, cheti na haki zake

Haya maswali wanauliza wazazi kwanza, halafu manesi, wakunga, walimu, mashangazi na majirani ambao wanajikuta wameitwa usiku kuangalia mtoto na hawajui waseme nini. Mifano mingi ni ya Kenya kwa sababu Kenya ndo imesogea zaidi kisheria hapa kwetu, ila mwili wa mtoto ni ule ule, awe Kisumu, Tanga ama Goma.

Mtoto huntha ama intaseksi ni nani hasa?

Ni mtoto aliyezaliwa na maumbile ambayo hayakai moja kwa moja upande wa kiume wala upande wa kike. Inaweza kuwa ni sehemu za siri za nje, yaani unaangalia na hujui useme nini. Inaweza kuwa ni ndani, kwa nje ni msichana kabisa lakini tumboni kuna kokwa badala ya ovari. Inaweza kuwa ni kromosomu, yaani vibeba urithi ndani ya mwili, ama homoni tu na hakuna kitu kinachoonekana kwa macho. Wengine wanajulikana siku ile ile ya kuzaliwa, wengine wakifika kubalehe, kwa mfano msichana ana miaka 16 hedhi haijaja ama sauti imeanza kuwa nzito, na wengine wanajua wakiwa watu wazima wanatafuta mtoto hawapati.

Hakuna binadamu mwenye seti mbili kamili zinazofanya kazi zote, yaani anaweza kujipa mimba mwenyewe. Hizo ni hadithi za vijiweni na zinawaumiza hawa watoto sana, maana watu wanataka kuchungulia.

Wako wangapi?

Umoja wa Mataifa unatumia makadirio ya kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya watoto wanaozaliwa, tofauti ni kubwa kwa sababu wengine wanahesabu hali zote za kromosomu na homoni, wengine wanahesabu zile tu zinazoonekana kwa macho. Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019, ya kwanza kufanya hivyo Afrika, ikapata watu 1,524 kati ya watu milioni 47.5. Mimi naona hiyo namba ni ndogo kuliko ukweli. Karani wa sensa anasimama mlangoni, majirani wanasikia, mama mkwe ameketi pale, nani atasema? Pia kuna wengi ambao wenyewe hawajui.

Ni mimi mama nimesababisha? Ni laana?

Hapana. Sio laana, sio uchawi, na sio eti mama alitoka nje ya ndoa. Wiki za kwanza tumboni watoto wote wanaanza sawa, viungo ni vile vile, halafu karibu wiki ya saba ndo jeni na homoni zinaanza kuvipeleka upande mmoja ama mwingine. Kuna hatua nyingi hapo na yoyote inaweza kwenda kivingine. Hali nyingine zinarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, baba na mama, na kila mmoja wao ni mzima kabisa, kwa hivyo mwanaume anayebeba begi akaondoka akisema "kwetu hakuna mambo haya" ajue anaweza kuwa amechangia nusu yake.

Nisiwafiche, kuna mahali jambo hili limekuwa la kufa na kupona. Mwaka 2017 BBC ilitangaza habari za wakunga wa jadi magharibi mwa Kenya, wakaeleza kwamba zamani mtoto wa namna hii alikuwa anauawa kimya kimya akizaliwa na watu wakisema tu kwamba kiazi kimevunjika. Mkunga mmoja aliyeambiwa na baba amuue mtoto alikataa akamchukua akamlea mwenyewe. Kwa hivyo ukimwita mkunga ama nesi "anayeficha siri za watu" kumbuka wengine siri hiyo ndo ilimwacha mtoto hai.

Mtoto amezaliwa leo, nifanye nini kwanza?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watoto wanapotea. Kuna mambo mawili tu ya haraka kweli.

La kwanza ni chumvi. Kuna hali inaitwa CAH, tezi za adrenali ambazo ziko juu ya figo haziwezi kutengeneza homoni za kutosha, zinatengeneza nyingi za kiume badala yake. Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa kisimi kikiwa kikubwa mpaka watu wanaita ni mvulana. Sio hilo linalomuua. Linalomuua ni kwamba mwili hauwezi kushika chumvi, na kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mtoto anaanza kutapika, hanyonyi, analegea, uzito unashuka, sukari inashuka, na anaweza kufa watu wakidhani ni homa ama ni kuhara. Kwa hivyo ukiona maumbile hayaeleweki, hasa kama kokwa hazishikiki mahali popote, mwambie daktari apime sodiamu, potasiamu na sukari, na kipimo cha homoni kinachoitwa 17-OHP, na apimwe tena baada ya siku chache, sio mara moja tu. Dawa zipo, ni haidrokotisoni na fludrokotisoni pamoja na chumvi kidogo, anazitumia maisha yote na anakua vizuri. Mtoto wa kiume mwenye CAH anaonekana kawaida kabisa kwa nje, ndo maana wanakufa bila mtu kujua, kwa hivyo kama familia imewahi kupoteza watoto wachanga kwa kutapika na kulegea, semeni hiyo historia hospitalini.

La pili ni mkojo. Mtoto anakojoa? Unatoka wapi? Kama hakojoi kabisa ama tumbo limevimba hiyo ni emajensi ya siku hiyo hiyo.

Mengine yote yanaweza kungoja. Kromosomu, altrasaundi ya tumbo, homoni zingine, hivyo vinachukua muda na sio lazima mjue jina la hali yake ndani ya wiki moja. Watu wakipiga simu kuuliza ni mvulana ama msichana jibu moja linatosha, mtoto yuko salama tunangoja vipimo, asanteni kwa dua zenu. Msiwatumie picha. Na pale wodini mna haki ya kukataa wanafunzi kumi kupanga foleni kumfunua mtoto, hata kama hospitali ni ya mafunzo.

Kwa hivyo ni operesheni ipi ya lazima?

Ile ambayo bila yake mtoto atakufa, ataumia ama ataharibika figo. Njia ya mkojo iliyoziba, kibofu kilichozaliwa kiko nje ya tumbo, ngiri iliyonaswa, hizo zifanywe. Kupunguza kisimi kwa sababu kinaonekana kikubwa, kutengeneza uke kwa mtoto wa miaka miwili, kuhamisha tundu la mkojo ili tu mvulana akojoe amesimama wakati anakojoa vizuri amekaa, kutoa kokwa ili mwili ufanane na jina lililoko kwenye cheti, hizo sio za kuokoa maisha. Ni za kutuliza watu wazima.

Na wakituambia kokwa zilizoko tumboni zitaleta kansa?

Swali zuri, na jibu linategemea hali yenyewe. Kuna hali ambapo tezi za uzazi hazijakua vizuri na kuna kromosomu ya Y, ile ambayo kwa kawaida iko kwa wanaume, hapo hatari ni kubwa kweli na daktari akisema zitolewe mapema msikilize. Lakini kuna watoto ambao mwili wao hausikii kabisa homoni za kiume, wanaonekana wasichana, kwao hatari kabla ya kubalehe ni ndogo, na tezi zile zile zinawasaidia kubalehe wenyewe bila vidonge. Ukizitoa utotoni atategemea homoni za dukani maisha yote, na akikosa hizo homoni mifupa inadhoofika. Kwa hivyo usikubali neno "kansa" peke yake. Uliza, kwa hali hii ya mtoto wangu, hatari ni kiasi gani, inaanza umri gani, na inaweza kufuatiliwa kwa altrasaundi?

Daktari anasema tufanye akiwa mdogo ili asikumbuke. Si ni kweli?

Hii hoja ina historia na ni vizuri muijue. Miaka ya 1950 kule chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mwanasaikolojia John Money alikuwa anafundisha kwamba mtoto anazaliwa kama ukurasa mtupu, ukimfanyia operesheni mapema na wazazi wakanyamaza atakua vile mlivyoamua. Ushahidi wake mkubwa ukawa mtoto wa Canada, David Reimer, pacha aliyezaliwa 1965. Huyu hakuwa intaseksi, ni mvulana aliyeunguzwa uume wakati wa tohara, wakamtoa kokwa na kumlea kama msichana. Kwa miaka mingi madaktari dunia nzima walisoma kwamba mambo yalifaulu. Hayakufaulu. Alikuwa anakataa tangu mdogo, akiwa na miaka 14 alipoambiwa ukweli akaanza kuishi kama mvulana, mwaka 1997 watafiti wakaandika yaliyotokea kweli, na mwaka 2004 alijiua. Kwa hivyo maelfu ya watoto walipasuliwa kwa kutegemea kisa ambacho hakikuwa kweli.

Na kuhusu kutokumbuka, tatizo sio kumbukumbu tu. Kovu linabaki. Sehemu iliyokatwa mishipa yake ya hisia hairudi, na huyo ni mtu ambaye siku moja atakuwa na mume ama mke. Uke uliotengenezwa utotoni mara nyingi unajifunga, inabidi upanuliwe tena na tena kwa vifaa, mtoto mdogo anashikwa miguu na watu wazima, fikiria hilo. Operesheni moja inazaa ya pili na ya tatu. Wengine wanapoteza uwezo wa kuzaa ambao walikuwa nao. Na kuna makosa ya kubahatisha, mnamfanya msichana akikua anawaambia yeye ni mvulana, na kilichotolewa hakirudi. Operesheni ikingoja inaweza kufanyika akiwa na miaka 18. Iliyofanyika haiwezi kufutika.

Oktoba 26 inaadhimishwa kila mwaka kama siku ya watu intaseksi kwa sababu siku hiyo mwaka 1996 watu wazima waliopasuliwa utotoni waliandamana Boston nje ya mkutano wa madaktari wa watoto. Walikuwa wagonjwa wale wale ambao madaktari walisema hawatakumbuka.

Lakini shuleni si watamcheka?

Hofu hii naielewa kabisa, na ndo inayowafanya wazazi wengi watie sahihi. Sasa angalia mambo yalivyo. Darasani hakuna anayevua nguo. Mahali pa hatari ni panne ama pengine pachache hivi, choo, bafu la bweni, chumba cha kubadilisha nguo za michezo, na upekuzi. Hapo panahitaji mlango unaofungwa, sio kisu. Ongea na mwalimu mkuu peke yake ama mwalimu mmoja unayemwamini, omba choo chenye mlango, kama ni bweni omba aoge saa tofauti ama asome shule ya kutwa, mfundishe mtoto kusema "hiyo ni siri ya mwili wangu". Mtoto akiwa na kovu na maumivu bado atachekwa, na sasa ana kovu na maumivu.

Kinachowatoa shuleni wengi ni kubalehe. Msichana anaota ndevu, ama mvulana anapata matiti na hedhi ndani ya sare ya suruali. Hapo shule iwe tayari kubadilisha sare na jina bila kumfukuza, na mzazi aanze hayo mazungumzo mapema, darasa la tano hivi, asingoje ghafla.

Mimi ndo mzazi, si ruhusa ni yangu?

Ni yako kwa matibabu ambayo mtoto anayahitaji sasa. Kama ana malaria husubiri akue akubali sindano. Lakini ruhusa ya mzazi ina mpaka, huwezi kutia sahihi mtoto mwenye afya atolewe figo auziwe mtu. Katiba ya Kenya kifungu 53 inasema maslahi ya mtoto ndo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa kifungu 12 unasema mtoto anayeweza kutoa maoni asikilizwe. Mahakama ya Katiba ya Colombia mwaka 1999 ilikaza ruhusa ya wazazi kwa operesheni hizi, ikitaka wapewe maelezo kamili na muda wa kufikiri, na mtoto akishakua kidogo wasiamue kwa niaba yake. Na mwaka 2013 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, Juan Méndez, alitaka nchi zifute sheria zinazoruhusu operesheni hizi bila ridhaa ya mwenyewe. Ripoti ya mateso, sio ripoti ya urembo.

Sheria ya Kenya imefika wapi?

Ilianzia mahakamani, kwa watu walioumia. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kesi ya R.M., mfungwa huntha aliyekuwa gereza la wanaume la Kamiti na kuvuliwa nguo mbele ya wengine. Mahakama ilikubali alidhalilishwa, ikampa shilingi 500,000, lakini ikakataa kutambua jinsia ya tatu. Halafu ikaja kesi ya Mtoto A, aliyezaliwa Nairobi 2009, kwenye fomu za hospitali pale pa kuandika jinsia wakaweka alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza! Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliagiza Mwanasheria Mkuu aseme ni ofisi gani itakusanya takwimu za watu hawa, na aeleze hatua za kutunga sheria na miongozo ya operesheni. Mwaka huo huo ikapita sheria ya watu waliozuiliwa inayompa huntha haki ya kuchagua atakayempekua awe wa jinsia gani. Mwaka 2017 Mwanasheria Mkuu akaunda jopokazi, na baadaye kazi ya kufuatilia mapendekezo yake ikaenda kwa kamati iliyo chini ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Kubwa zaidi ni Sheria ya Watoto ya 2022. Inamtaja mtoto intaseksi kwa jina, inampa haki ya heshima, matibabu yanayofaa na elimu, na inafanya kuwa kosa kubadilisha ama kutoa kiungo cha mtoto intaseksi bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki, yaani mambo ya urithi.

Ni hatua kubwa na bado nina manung'uniko. Madaktari wa jenetiki ni wa kutafuta kwa tochi, mama wa Turkana atampata wapi? Na ushauri wa daktari, hata awe bingwa kiasi gani, sio ridhaa ya mwenye mwili. Sheria ingesema wazi kwamba kama sio emajensi, mtoto angojewe.

Na nchi nyingine?

Uganda, sheria ya usajili wa watu ya 2015 inaruhusu kubadilisha jinsia kwenye rekodi ya mtoto aliyezaliwa huntha, lakini baada ya operesheni iliyothibitishwa na daktari, yaani karatasi inamsukuma mzazi kwenye kisu, na hilo naona ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009 ambayo inaweka mbele maslahi ya mtoto, inampa haki ya jina na usajili na inakataza ukatili, na wakili mzuri anaweza kusimama juu ya hayo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio namba 552 mwaka 2023 ikitaka nchi za Afrika zikomeshe operesheni zisizo za lazima kwa watoto hawa. Aprili 2024 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kule Geneva nalo likapitisha lake, nchi 24 zikikubali, 23 zikinyamaza na hakuna iliyopinga. Malta ilikataza kwa sheria tangu 2015, wengine Ulaya wakafuata.

Sasa cheti na jina tuandike nini?

Mnaweza kumlea kama msichana ama kama mvulana kulingana na vipimo na ushauri, bila kumpasua. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya sana. Jina na nguo vinabadilika, kiungo hakibadiliki. Wazazi wengine wanachagua jina linalobeba pande zote, Amani, Riziki, Imani, Furaha, na mimi naona ni busara. Kenya sheria ya 2022 imempa msajili jukumu la kuhakikisha watoto hawa wanasajiliwa sawasawa, kwa hivyo ukiambiwa "nenda kwanza ukamrekebishe ndo uje" usikubali, omba jibu kwa maandishi upeleke kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Dini inasemaje?

Kwa Waislamu jambo hili sio geni hata kidogo. Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima wa huntha, swala yake, mirathi yake, na yule ambaye hali yake haijabainika anaitwa huntha mushkili, wanazuoni wanasubiri alama za kubalehe zimbainishe. Ona hapo, kusubiri. Kwa Wakristo, Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 19 anataja matowashi waliozaliwa hivyo toka tumboni mwa mama zao, na hakuwalaani. Kwa hivyo mchungaji ama ustadh anayetaka kumtoa mtoto pepo arudi asome.

Hii si ni mambo ya mashoga?

Hapana. Huu ni mwili aliozaliwa nao. Akikua atampenda nani ni swali lingine kabisa, na mtoto wa wiki mbili hana jibu lake. Watu wakichanganya haya, wanaoumia ni watoto ambao wazazi wanaogopa hata kuwapeleka kliniki.

Wetu ameshafanyiwa operesheni miaka iliyopita. Tumefanya ubaya?

Mlifanya kile mlichoambiwa na mtu mwenye koti jeupe, usiku, mmechoka, mmetishwa. Lawama kubwa ni ya mfumo, na kuna hospitali zimekubali hilo, Lurie ya watoto kule Chicago iliomba radhi hadharani mwaka 2020. Kinachobaki kwenu ni ukweli. Mwambieni mtoto kabla hajagundua mwenyewe kwenye karatasi ama kwa shangazi aliyekasirika. Kidogo kidogo, akiwa na miaka mitano "mwili wako ulizaliwa tofauti kidogo na uko sawa", akiwa na kumi zaidi, akibalehe yote, pamoja na operesheni, nani aliamua na kwa nini. Kama tezi zilitolewa apelekwe kwa daktari wa homoni kabla ya kubalehe, asingoje mifupa ianze kuuma.

Tumepewa fomu tutie sahihi kesho asubuhi. Tuulize nini?

Hali ya mtoto inaitwaje na vipimo gani vimethibitisha. Akiachwa hivi mpaka awe mkubwa, ni nini hasa kitamdhuru, na lini. Ni operesheni ngapi mpaka mwisho. Hisia itapungua? Uwezo wa kuzaa? Daktari huyu amewafuatilia wangapi mpaka utu uzima, na tunaweza kuongea na mmoja wao? Kama ni Kenya, daktari wa jenetiki amesema nini, kwa maandishi. Kama hakuna emajensi mna haki ya kusema hatutii sahihi leo, na mtoto aendelee kupata matibabu mengine yote bila kufukuzwa kliniki. Mkitoka hapo ombeni kopi ya faili, vipimo, ripoti za altrasaundi, majina ya dawa na dozi, muweke nyumbani pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu faili za hospitali zinapotea na akiwa na miaka 15 daktari mwingine atazihitaji, na yeye mwenyewe pia.